Umepaki Wapi?

Agosti iliyopita nilikwenda Murang'a kwenye ruracio ya binamu yangu. Nilishuka matatu Kangema, nikapanda boda hadi kona ya shule, halafu nikamalizia kwa miguu kwa sababu njia ilikuwa imejaa magari ya wageni na boda haikuweza kupenya. Langoni nilimkuta anko wangu. Yeye ndiye alikuwa amepewa kazi ya kupanga magari. Tulisalimiana vizuri, kisha akanyoosha shingo akatazama nyuma yangu.

"Umepaki wapi?"

"Sijapaki, anko. Nimekuja na mat."

"Gari iko garage?"

"Sina gari. Hata kuendesha sijui."

Alinyamaza kidogo. Nilidhani atacheka, maana ni mtu wa mzaha. Badala yake aliniwekea mkono begani, akapunguza sauti kama mtu anayezungumza na mgonjwa: "Usijali. Mungu hajakusahau."

Baadaye, kabla ya chakula, mzee aliyepewa maombi aliwakumbuka wajane, mayatima, watoto wanaongoja mtihani, na "wale wetu ambao bado hawajapata usafiri." Nilifungua jicho moja. Anko alikuwa ananitazama.

Nina umri wa miaka 43. Nafundisha sekondari hapa Nairobi. Nimesomesha wadogo zangu wawili, nina mke na watoto watatu, na sidaiwi hata mkate dukani. Lakini pale langoni yote hayo yalifutika. Nilikuwa mtu mzima aliyekuja kwa miguu, kwa hivyo nilikuwa mtu wa kuombewa. Siku ile nilikula nyama ya wenyewe nikanyamaza. Hapa sinyamazi.

Nasema hivi: Kenya yetu inamchukulia mtu mzima asiyeendesha gari kama nyumba iliyokwama kwenye linta. Watu wanapita, wanatikisa kichwa, wanauliza shida ilikuwa nini. Wengi wanadhani huu ni utani tu wa kijamii, jambo la kuchekea kwenye makundi ya WhatsApp. Si utani. Dharau hii ina mkono katika jinsi mji wetu ulivyojengwa, na kila mwaka inazika watu.

Tuanze na madogo. Kazini, mkutano ukichelewa kuisha, mtu huuliza kwa sauti, "Nani hana gari?" na mikono michache hupanda polepole kama ya wanafunzi ambao hawakufanya zoezi. Fungua matangazo ya kazi: anatafutwa afisa wa mawasiliano, mtu wa kuandika ripoti na kujibu barua pepe, na katika sifa zake wameweka leseni ya udereva. Kwani ripoti inaandikwa kwa usukani? Nenda kwenye jumba la maduka. Tangu shambulizi la Westgate, Septemba 2013, tumezoea ukaguzi, na sina shida nao. Lakini tazama unavyofanywa. Anayekuja na gari hupitishiwa kioo chini, buti inafunguliwa na kufungwa, anapigiwa saluti. Anayekuja na miguu anapanga foleni, anatoa simu na sarafu, anafungua mkoba, anapapaswa mbavu. Simlaumu soja. Yeye mwenyewe ametembea alfajiri kufika pale, na jioni atatembea kurudi. Amefunzwa tu nani ni mteja na nani ni mshukiwa.

Na hata ukinunua, hujaokoka. Mkenya anasoma mshahara wako kwenye nambari ya gari. "Bado uko na KBK?" Mwenye Vitz anamcheka mwenye miguu, mwenye Prado anamcheka mwenye Vitz, na wote watatu wamekwama pamoja kwenye foleni ileile ya magari.

Kwa wanaume kuna chumvi zaidi. Mwanamke asiyeendesha huulizwa ni nani atakuwa anamwendesha, na hilo pia ni tusi, ila limevikwa upole. Mwanamume asiyeendesha huulizwa ana tatizo gani. Nina rafiki ambaye ana glakoma, ule ugonjwa wa presha ya macho. Daktari alimwambia aache usukani kabla hajaua mtu, naye akaacha, kama mtu mwenye akili. Sasa mke wake ndiye anaendesha. Siku ya kwanza waliyofika nyumbani kwao hivyo, vijana wa steji walipiga mbinja: "Huyo amekaliwa!" Unajua anachofanya siku hizi? Wakikaribia kijijini, anamwomba mke asimame, anahama kutoka kiti cha mbele anaenda kukaa nyuma. Ili watu wadhani yeye ni mdosi na yule ni dereva wake.

Aliponiambia nilicheka mpaka machozi. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu ujanja wake unafanya kazi. Ndipo uongo wote unapofichuka. Rais hashiki usukani. Waziri hashiki usukani. Gavana anafika mazishini amekaa nyuma, anafunguliwa mlango kama mtoto, na hakuna mzee anayemwekea mkono begani kumwambia Mungu hajamsahau. Kutoendesha kwao ni cheo. Kwa hivyo tusidanganyane: kosa la mtu kama mimi si kwamba sijui kuendesha. Kosa langu ni kwamba nimekuja kwa miguu, na miguu kwetu ina harufu ya umaskini.

Ajabu ni kwamba hii ni nchi inayoabudu miguu. Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alikimbia marathoni Vienna kwa saa moja, dakika 59 na sekunde 40, na nchi nzima ikasimama. Wakimbiaji wetu wakirudi na medali tunawapokea uwanja wa ndege kwa mursik na nyimbo. Miguu ikikimbia Ulaya ni fahari ya taifa. Miguu hiyohiyo ikitembea Jogoo Road saa kumi na mbili asubuhi ni aibu ya familia.

Dharau hii haikuota jana. Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli, na haikuchukua muda mrefu kugawanywa: Mzungu upande wa juu wenye hewa na miti, Mwafrika upande wa Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni, karibu na kazi, mbali na starehe. Babu zetu walitembea kwenda kuwahudumia wengine, kipande kikining'inia shingoni. Mpango mkuu wa mji uliochapishwa 1948 ulijiita, bila haya, mpango wa mji mkuu wa kikoloni. Mwenye gari alikuwa bwana, mwenye miguu alikuwa boi.

Uhuru ulipokuja, wananchi waliwatazama wakubwa wapya wakipita ndani ya Mercedes na kuwapa jina: wabenzi. Lilikuwa neno la kuwasuta. Maana yake ilikuwa, tulipigana pamoja na sasa mnatupulizia vumbi. Leo neno lile limebadilika tabia. Hatuwasuti wabenzi tena, tunafunga na kusali tuwe wao. Tulimwondoa bwana tukabaki na gari lake, na heshima zote zilizokuwa ndani.

Sasa tazama mji uliojengwa na watu wanaofikiri hivyo. Katika Nairobi, takriban safari nne kati ya kila kumi hufanywa kwa miguu. Nyingi ya zinazobaki ni za matatu, na kila safari ya matatu huanza na kuisha kwa miguu. Safari za magari ya kibinafsi hazifiki hata robo. Yaani sisi tunaoombewa ndio mji wenyewe. Alfajiri simama Lunga Lunga Road utazame watu wanavyotoka Mukuru kwenda viwandani: mto wa watu, kimya, viatu mkononi kama mvua ilinyesha. Hao ndio wanaoshona, wanaopakia, wanaopika, wanaofunga mabomba. Wao hawana mahali popote pa kukanyaga isipokuwa ukingo wa mtaro.

Si kwamba wakubwa hawajui. Mwaka wa 2015 kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa waendao kwa miguu, wa baiskeli na usafiri wa umma. Karatasi ilikuwa nzuri. Mwaka wa 2018 mstari mwekundu ulipakwa Thika Road, tukaambiwa ni wa mabasi ya mwendo wa haraka. Rangi ikafifia kabla basi lenyewe kuonekana. Desemba 3 mwaka huohuo, Gavana Mike Sonko alifukuza matatu katikati ya mji ili kupunguza msongamano. Magari ya kibinafsi hayakuguswa. Wazee, wajawazito, watu wa magongo na wenye mizigo walitembea kutoka pembezoni mwa mji mpaka kelele zikawa nyingi na amri ikasitishwa. Kisha 2022 ikafunguliwa Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, barabara iliyo juu ya vichwa vyetu, ya kulipia, ambayo mtu wa miguu haruhusiwi hata kuikanyaga. Tuliobaki chini tulipewa kivuli chake.

Unaona mpango? Mtu wa kuombewa hajengewi njia. Kwa nini umjengee, wakati unaamini yuko pale kwa muda tu, anangoja Mungu amkumbuke? Njia ya miguu ni ya watu ambao "bado." Na nani anawekeza kwa watu ambao bado?

Sasa nitasema la kwangu, na halinipendezi.

Mwaka jana mwenzangu kazini alinipa lifti jioni. Gari safi, redio ya polepole, hewa baridi. Tulipofika barabara kubwa inayopita karibu na mtaa wetu, watu walikuwa wanakatiza mbele yetu wawili wawili, na mwenzangu akawa anabana breki kila mara. Nikasikia mtu anasema, "Lakini hawa watu hawaoni daraja?" Aliyesema ni mimi. Mimi niliyevuka hapohapo asubuhi ile. Dakika kumi tu kwenye kiti cha ngozi, na tayari nilikuwa nimewapa jina: hawa watu.

Wiki tatu baadaye, saa moja jioni, gari lilimgonga jirani yetu pale pale. Alikuwa fundi wa nguo. Sare zote za watoto wangu, tangu chekechea, alishona yeye, na kila Januari alikuwa ananicheka kwa kuchelewa kuleta vipimo. Kibanda chake kilikuwa upande mmoja wa barabara na nyumba yake upande wa pili. Kati yao palikuwa na njia nne za magari. Daraja la kuvukia liko mita 800 mbele. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita moja na nusu, na giza, na kikapu, na wezi juu ya daraja, ili mtu afike mahali anapopaona kwa macho. Mwenye gari akiambiwa azunguke hivyo, anapiga simu redioni kulalamika.

Mazishini, mheshimiwa mmoja alipewa kipaza sauti. Alitoa pole, akatoa elfu ishirini, kisha akasema ni muhimu wananchi wafunzwe kutumia barabara vizuri. "Daraja liko," akasema. "Kwa nini watu hawatumii daraja?" Watu walitikisa vichwa. Hakuna aliyeuliza gari lilikuwa linakimbia kiasi gani. Hakuna aliyeuliza kwa nini daraja liliwekwa pale na si hapa. Nilisimama nyuma nikasikia maneno yangu mwenyewe yakitoka kwenye spika, na nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona mbele ya lango lolote.

Matuta hayakuwekwa na mheshimiwa. Vijana wa mtaa walilaza mawe na magogo usiku, polisi wakaja, wakaondoa, vijana wakarudisha. Baada ya wiki kadhaa ndipo lori la lami likaja. Yapo hadi leo, mawili. Mtu mmoja, matuta mawili. Hiyo ndiyo bei yetu.

Kila mwaka zaidi ya watu 4,000 hufa kwenye barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote ni waendao kwa miguu, zaidi ya theluthi moja. Tunasema "ajali," tunasema "mwenye nguvu mpishe," tunasema marehemu hakuwa makini. Lakini ukishaamua kwamba mtu mzima anayetembea ameshindwa maisha, kifo chake barabarani kinakuwa mwendelezo tu wa kushindwa kwake. Hakiudhi. Hicho ndicho ninachomaanisha ninaposema dharau hii inaua.

Najua utakachosema. Utasema, mwalimu, acha siasa, gari si anasa. Mtoto akipata joto kali saa nane usiku utampakia kwenye hoja zako? Mvua je? Dada yako akitoka kazini saa nne usiku atembee gizani ili wewe ushinde mjadala?

Nakubali yote. Mtoto wangu wa mwisho alipopata nimonia, jirani mwenye Probox ndiye alitukimbiza hospitalini, na nitamshukuru mpaka nizikwe. Gari ni chombo kizuri, kama sufuria, kama jembe. Sijamwambia mtu auze lake. Lakini tazama hoja hizo tena. Mtoto anahitaji gari usiku kwa sababu ambulansi haiji. Dada anahitaji gari kwa sababu taa za barabara hazina balbu na matatu ya mwisho imeondoka. Yote hayo ni madeni ambayo serikali inatudai tuilipie, mtu mmoja mmoja, kwa mkopo wa Sacco. Halafu tukishalipa, badala ya kukasirika, tunajiona tumefaulu, na yule ambaye hajaweza kulipa tunamwona mzembe.

Na wapo ambao hawataendesha kamwe, uwape gari bure. Rafiki yangu wa glakoma. Mtu mwenye kifafa. Mama aliyetoka hai kwenye ajali iliyowaua wenzake na hawezi tena kugusa usukani bila mikono kutetemeka. Mzee wa miaka 80. Nawe pia, msomaji mwenye Prado, siku moja mwanao atakunyang'anya ufunguo kwa upole, kwa sababu huoni tena kioo cha pembeni. Siku hiyo utashuka utembee katika mji uliousaidia kuuchukia mguu. Katiba ya 2010, kifungu cha 39, inampa kila mtu uhuru wa kutembea. Nimeisoma mara nyingi. Sijaona mahali imetaja magurudumu.

Sijasema nilichofanya baada ya Murang'a. Jumatatu iliyofuata nilikwenda kuchukua fomu ya mkopo. Shilingi 900,000, miezi 48, wadhamini wawili. Nilikuwa tayari nimechagua rangi. Nilimwekea mke wangu ile fomu mezani, naye akaisoma yote, hata maandishi madogo. Petroli tulishaiona ikifika shilingi 217 kwa lita hapa Nairobi mwishoni mwa 2023, na mtoto wetu wa kwanza anaingia chuo mwakani. Hakunikataza. Aliniuliza tu, "Gari ni ya kwenda wapi?"

Nilikosa jibu. Shule ninayofundisha ni dakika 25 kwa miguu. Soko liko hapa, kanisa liko hapa. Nilifikiri na kufikiri, na mahali pekee palipokuja akilini ni lango la anko wangu. Nilikuwa karibu kuweka karo ya mwanangu rehani ili nipate mahali pa kupaki mara mbili kwa mwaka.

Fomu iko kwenye droo. Sijaichana, maana mimi si shujaa, na Desemba tunakwenda tena Murang'a. Lakini nimeamua maombi ya usafiri sitaki. Mkitaka kuniombea, ombeni wanaochora barabara wawahi kutembea kwenye walichochora, hata jioni moja, na kikapu mkononi. Au muache kuomba, mkawaulize, kwa sababu hao si Mungu na wana ofisi.

Nawe anko, najua utakuwa langoni. Zamani mgeni akifika alikuwa na salamu yake, na haikuuliza amekuja na nini. Akivuka kizingiti anaambiwa "Habari za safari?" kisha analetewa maji. Niulize hiyo. Nina mengi ya kukuambia kuhusu safari.